Uganda: Kocha wa besiboli hutazama nini pale takwimu zinapokosekana?

Mnamo mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Baadaye Pittsburgh Pirates nayo ikamsajili Mganda mwingine, mrusha mpira David Matoma. Wote wametoka katika nchi isiyo na ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Je, wasaka vipaji waliona nini kwa vijana ambao rekodi zao za mechi ni haba?

Besiboli ni mchezo wa hesabu. Kila mpira unaorushwa na kila pigo huandikwa. Hata hivyo, takwimu za kijana wa miaka 16 hueleza machache. Anayekutana na warushaji dhaifu kila wiki huonekana hodari kwenye karatasi, ilhali hajawahi kuukabili mpira wa kasi ya kweli.

Kwa sababu hiyo, makocha huanza na mwili na mwendo wake. Hupima mambo matano: kupiga kwa uhakika, nguvu ya pigo, mbio, urushaji na udakaji. Kila moja hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo wastani wa mchezaji wa Ligi Kuu ya Marekani. Alama hutolewa mara mbili, ya leo na ya matarajio, na ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Kijana mwembamba ambaye mkono wake hurusha kwa wepesi bila kujikaza anaweza kupendelewa kuliko mwenzake aliyekwisha kukomaa na anayemshinda leo.

Baada ya mwili hutazamwa tabia. Kijana akikosea, je, humlaumu mwenzake au hujipanga kuusubiri mpira unaofuata? Akirekebishwa asubuhi, je, jioni badiliko huonekana? Mpira ukiwa mbali naye, je, huendelea kusogea mahali panapompasa? Maswali haya si ya adabu tu. Katika mchezo huu hata mpigaji bora hushindwa takriban mara saba katika kila kumi, na asiyejua kuishi na kushindwa hadumu.

Mfano ulio wazi ni wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pirates walimsajili mwaka 2008 kwa kuvutiwa na udakaji na wepesi wake. Upigaji wake katika ligi ndogo haukuwa wa kujivunia, lakini klabu ilimvumilia. Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika Ligi Kuu, na mara ya kwanza aliposhika gongo alifanikiwa kupiga.

Lakini matarajio hayapimiki bila kujua umri. Klabu zinaruhusiwa kuwasajili vijana wa kigeni kuanzia miaka 16, na kasi ileile ya mkono ina thamani tofauti kwa wa miaka 16 na kwa wa miaka 20. Hapa ndipo Uganda ilipopata funzo chungu. Mwaka 2011 timu yake ya watoto ilifuzu kwa michuano ya dunia ya Little League, ila ikanyimwa viza za Marekani kwa hitilafu katika nyaraka za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika Williamsport, Pennsylvania, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki, na ikaishinda timu ya Oregon 3 kwa 2.

Kwa majirani wa Uganda ambako mchezo huu unachipukia, kiwanja na glavu ni sehemu tu ya maandalizi. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa kwa wakati humlinda kijana kuliko sifa za wakala. Shule nayo haina budi kuendelea, maana kusajiliwa ni kuingia ligi ndogo, na wengi huishia humo. Jicho la kocha hukisia miaka sita ijayo. Kisio hilo likikosea, klabu itamtafuta mwingine; kijana atabaki na kile alichojifunza nje ya uwanja.