Masini ikae kule, dirisha lifunguke huku kwetu

Tata moya mwenye kutumika mu mugodi ku Kolwezi alituletea ulizo, na tangu siku ile tunalizungusha mu kichwa. Mutoto wake alimaliza masomo ya jeolojia, akaenda kuomba staji. Bakamuuliza: unajua programu za kuchora mugodi? Akajibu kwamba aliziona paka mu kitabu. Akarudia nyumbani. Sasa tata anauliza: "Ile programu na masini yake, mishahara yangu ya miezi ngapi njo itaweza kuinunua?"

Tata, usiuze kiwanja. Masini haiombi kulala mu nyumba yako.

Tuelezane vizuri. Programu ya kuchora mugodi inakamata matokeo ya mashimo ya sonda, mamia kwa mamia, kila metre na kiasi chake cha shaba na kobalti, inayaunganisha kuwa sura moya ya udongo wa chini, yenye unaweza kuizungusha na kuikata kama mukate. Hesabu hizo zinaomba masini ya nguvu. PC ya kawaida inachoka mbele ya kumaliza. Lakini kuhesabu ni kazi moya, kuonyesha ni kazi ingine, na kazi hizo mbili hazilazimishwi kukaa fasi moya.

Batu ba chuo cha MIT, ku Marekani, njo balianza kutengeneza chombo cha namna hiyo mu 1984, bakakiita X Window, ni kusema dirisha. Toleo la 11 lilitoka mu 1987, na mpaka leo linatumika. Unabonyeza suri ya PC yako. Alama ile inapita mu waya mpaka ku masini kubwa. Masini inahesabu, halafu inarudisha oda: chora mustari hapa, paka rangi pale. PC inatii. Bazee ba Kipushi bataelewa upesi kuliko vijana. Chini ya shimo mutu alikuwa anapiga kengele, na mwenye kuongoza kamba ya kaje huku juu, bila kuona kitu, alijua kama ni kupandisha ao kusimamisha. Alama kidogo inapita, muzigo mukubwa unatembea fasi ingine.

(Kuna kitu kinachanganyaka banafunzi: mu lugha ya X, PC yako njo inaitwa serveri, na programu ya kule ku masini kubwa inaitwa kliyenti. Usishangae. Serveri inatumikia macho na mikono yako.)

Mu miaka ya 1990, masini za Sun na za Silicon Graphics zilikuwa bei kali. Mu biro mingi za bainjenyere babakubwa balikataa kumununulia kila mutu yake. Balinunua moya ao mbili, halafu mu PC za kawaida bakaweka programu kama Exceed, yenye kugeuza PC kuwa dirisha la ile masini. Leo hata hiyo hailipishwi tena kwa lazima: Xming na VcXsrv mutu anaziweka mu Windows bure. Mwenye PC ya Linux, kwa kawaida chombo hiki kimo tayari.

Hatutaki kudanganya mutu. X inasemezana sana na masini, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kama masini iko mbali sana ao intaneti ni zaifu, sura inakuja kwa kujivuta. Tena X peke yake haifichi kitu: mutu mwenye kuingia mu njia anaweza kusoma yenye unaandika, na kiasi cha shaba ya mugodi hakisomwi mu barabara. Ni juu ya ile batu banaipitisha mu SSH, kufuli yenye Tatu Ylönen alitengeneza ku Finland mu 1995. Na kama umeme unakatika? Siye ba huku tunauliza ile ya kwanza. X ya kawaida, waya ikikatika, programu inakufa na kazi yenye haujaweka. Lakini kuna X2Go: inakamulisha sura ili ipite mu laini ndogo, na PC ikizimika, kazi inabakia inakungojea ku masini kubwa. Bila shaka, ile masini kubwa nayo iwe na betri yake.

Sasa tuseme yenye inatuuma. Dirisha linaangalia pande mbili. Njia yenye ingemusaidia mutoto wa Kolwezi kutumia masini yenye hana, ni ile ile inamuruhusu injenyere wa Johannesburg ao wa Perth kuona udongo wa Kolwezi bila vumbi ku viatu. Hatumuchukii. Lakini madirisha yote yakifunguka kule, huku kutabakia nini? Na haishii ku biro. Ku Kibali, mu Haut-Uele, masini za kubeba mawe chini ya udongo zinaongozwa na mutu mwenye kuikaa huku juu mbele ya ekra. Katanga haijasahau 2003, wakati batumishi zaidi ya 10,000 ba Gécamines balitoka na makuta ya kuondokea. Batoto ba batu bale njo banatembea leo na dosie za staji.

Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kampuni itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya batu benye kuishi pembeni ya mugodi, na cahier des charges inaandikwa pamoja nao. Mara nyingi tunaandika mule kisima, masomo, hospitali. Ni haki, na visima havijatosha. Lakini tunaomba mustari moya uongezwe: masini moya ya nguvu mu muji, chumba chenye kufungwa vizuri, PC makumi mbili zenye kampuni haitaki tena, betri na panelo za jua, na mwalimu wa kulipwa kila mwezi. Masini iwe Kolwezi, ao Likasi, ao Lubumbashi, kusudi sura isichelewe. Kwa kuanza, programu za bure ziko: QGIS kwa karte, ParaView kwa kuzungusha sura. Programu zenyewe za migodi ni za kulipia, na kampuni yenye kuwa nazo inaweza kupangia banafunzi masaa ya usiku wakati bainjenyere bake banalala.

Na musikubali zawadi ya PC peke yake. Picha inapigwa, hotuba inatoka, kisha miezi sita PC ziko mu depo chini ya vumbi, juu hakuna masini ya kuita na hakuna mutu wa kufundisha.

Tulimujibu tata hivyo. Akatuambia kwamba ku nyumba kuko PC ya zamani, ekra yake ilipasuka ku pembe, mutoto anaiangalia filme. Hiyo inatosha. Chenye kinakosa ni masini ya kuita, na hiyo si kazi ya tata kuinunua.