Kiangazi na watoto ziwani

Pamba imeuzwa. Mahindi yako ghalani. Sasa ni kiangazi na nafasi ipo. Jumapili moja nendeni Ziwa Victoria, wazee na watoto pamoja. Chukueni viazi vya kuchemsha na maji ya kunywa. Kaeni penye kivuli. Mwonyeshe mwanao mnandi anavyozama, kisha akaibuka na samaki mdomoni. Babu naye asimulie hadithi. Mtoto hasahau siku kama hiyo.

Lakini watoto watataka kuogelea. Hapo uwe macho. Penye magugu na maji yaliyotulia kuna konokono. Konokono hao hutoa vijidudu vya kichocho, hasa jua likiwa kali. Vijidudu hupenya ngozi, na mtoto huenda asisikie kitu. Baadaye huumwa tumbo na kupata choo chenye damu. Heri wacheze mpira mchangani. Je, wako amekwisha kuogelea mara nyingi? Mpeleke zahanati akapimwe. Dawa ya vidonge ipo.

Tena, anayeshikwa na haja asiende majini. Kichocho huingia ziwani kwa njia hiyo. Nendeni na jembe, mchimbe shimo mbali na maji, mfukie.