Hedhi Siku Tisa, Mashosti Wanasema "Ni Umri Tu"!
Mama wa miaka 46, muuza viazi Makambako, siku ya tisa bado yuko kwenye pedi. Usiku halali, yuko kwenye simu anatafuta kama ni kansa. Mashosti eti "ni umri tu". Jamani! Kweli homoni huyumba kwenye miaka ya 40, lakini hedhi ikipita siku 7 inataka vipimo: wingi wa damu, na ultrasaundi kuangalia uvimbe wa kizazi, ambao mara nyingi wala si kansa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Njombe, kilomita kama 60, kosta zipo. Na pedi ikijaa kila saa, ni leo leo. Baba watoto atoe nauli, viazi vitauzwa kesho.