Kiwanja cha urithi si kiwanja cha mkopo

Anayetafuta mfano wa tajiri aliyeneemeka kwa majengo ya mjini hakosi kukutana na jina la John Jacob Astor wa Nne, wa New York. Alipokufa katika ajali ya meli ya Titanic, Aprili 15, 1912, akiwa na umri wa miaka 47, aliacha mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni 87. Mfano huo unavutia, lakini mwenye mtaji mdogo hana budi kuusoma kwa uangalifu.

Astor hakuanzia sokoni. Baba wa babu yake, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyetajirika kwa biashara ya manyoya, alinunua ardhi pembezoni mwa Manhattan akasubiri mji umfuate. Ukoo huo haukuwa mwepesi wa kuuza. Ulikodisha viwanja, kwa kawaida kwa miaka 21. Mpangaji alijenga kwa fedha zake, ardhi ikabaki ya Astor. Baadhi ya viwanja hivyo vilijengwa majumba ya vyumba finyu ambamo maskini walisongamana, na kodi yao ikakuza urithi.

John Jacob, aliyerithi mwaka 1892, aliamua kujenga mwenyewe. Mwaka 1897 alifungua hoteli ya Astoria, ubavuni mwa Waldorf, hoteli ya mtoto wa baba yake mkubwa. Wawili hao hawakuelewana, hivyo njia za kuunganisha majengo zilipangwa ziweze kuzibwa wakati wowote. Baadaye zikafuata St. Regis mwaka 1904 na Knickerbocker mwaka 1906.

Siri ya ujasiri huo ni hesabu nyepesi. Shamba ambalo Waldorf na Astoria zilijengwa juu yake lilinunuliwa na ukoo katika miaka ya 1820 kwa dola 20,500 hivi. Wageni wakipungua, faida ilipungua, lakini hapakuwa na deni la ardhi lililosubiri kulipwa.

Kiwanja hicho hicho kina funzo la pili. Mwaka 1929 hoteli hizo zilifungwa, zikavunjwa, na mwaka 1931 likafunguliwa hapo Empire State Building, jengo la ghorofa 102. Wenye mradi walinunua ardhi kwa bei ya soko na kujenga kwa mkopo mkubwa. Uchumi ulikuwa umeanguka, ofisi nyingi zikakosa wapangaji, na jengo lilikaa takriban miaka 20 kabla ya kuleta faida. Eneo halikuwa baya. Mzigo wa deni ndio uliokuwa tofauti.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Anayetaka kuweka rehani duka lake ili anunue kiwanja na kupandisha ghorofa asipige hesabu za mrithi. Ajiulize kwanza: vyumba vikikaa vitupu mwaka mzima, riba italipwa na nani? Asipokuwa na jibu, heri fedha zake zibaki katika bidhaa anazozijua.