Tamko la Mafundi Simu na Wauza Vifaa vya Elektroniki wa Nzega Kuhusu Simu Zinazofika na Wizi Ndani

Sisi mafundi simu na wauza vifaa vya elektroniki wa Nzega mjini tumekaa, tumejadiliana, na tunatoa tamko hili kwa wateja wetu, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kwa wote wanaoingiza simu nchini.

Mezani kwetu huja mteja na simu mpya, hata nailoni ya kioo hajaibandua, akilalamika kwamba salio linakatwa na yeye hajajiunga na huduma yoyote. Fundi anafuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ikishaingia intaneti, programu inayokata salio inajipakua upya. Mteja anaondoka akiamini fundi hajui kazi. Kumbe mwizi alishawekwa ndani ya mfumo wenyewe wa simu, mahali ambapo kufuta hakufiki, kabla boksi halijafungwa.

Huu si uvumi. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba programu za Triada na xHelper zilikutwa kwenye simu za Tecno W2 huko Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, wenye Tecno, walisema chanzo ni mzabuni mmoja katika mnyororo wa ugavi, ambaye hawakumtaja. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuhusu programu hasidi ya BADBOX 2.0 kwenye vifaa vya bei rahisi kama maboksi ya TV, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya kununuliwa.

Juni 2016 TCRA ilizima simu feki kwa kutumia IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu. Hatua ile ilikuwa sahihi. Lakini Tecno W2 hazikuwa feki. IMEI inatambulisha simu tu. Haisemi kilichomo ndani.

Nzega ni njia panda ya Singida, Tabora na Shinyanga, na tangu enzi za misafara bidhaa ya pwani hufika Unyamwezi ikiwa imepita mikono mingi. Simu nayo hupita kiwandani, bandarini, Kariakoo, kwa muuzaji wa jumla, kwenye buti la basi. Sisi ni mkono wa mwisho, na mkulima wa mpunga aliyepokea malipo yake kwa simu akiibiwa, lawama inatuangukia sisi.

Tunaitaka TCRA, kwa kushirikiana na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ichukue sampuli kutoka kila shehena na kupima programu zilizomo kabla simu hazijasambazwa, kisha itangaze wazi modeli zilizokutwa na kasoro. Waingizaji nao wapokee simu hizo zikirudishwa, bila mizengwe.

Kwa upande wetu, kuanzia sasa IMEI ya kila simu tunayouza itaandikwa kwenye risiti. Hakuna fundi atakayebadilisha IMEI, wala kuflashi simu, yaani kuipakia mfumo upya, kwa faili asilojua limetoka wapi, maana faili la namna hiyo linaweza kumrudisha mwizi yuleyule. Mwenye simu anayoitilia shaka ahamishe laini kwenye simu nyingine kabla hajatuma wala kupokea fedha, kisha atuletee simu pamoja na boksi na risiti. Tutaandika maelezo ya tatizo na kuirudisha kwa muuzaji wa jumla.