Hiyo "tu" kwa "enda tu TVET" mtuondolee

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, hapa kati ya Ruiru na Thika mambo ni yale yale. Simu zinalia, mathe anapigiwa na kila shangazi, na kabla jioni ifike mtaa mzima unajua ulipata nini. Kama ni C+ kuenda juu, unaulizwa, "Unaenda uni gani?" Kama ni C plain kushuka, hakuna swali. Ni amri: "Si uende tu TVET."

Hiyo "tu" ndiyo nimekuja kugombana nayo.

Tupige hesabu kwanza. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliofikisha C+ walikuwa 246,391, yaani kama robo hivi. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, mwaka mmoja peke yake. Sasa niambie, nchi gani inachukua laki saba ya vijana wake inawaita "tu"?

Na msinielewe vibaya. Sipigi vita TVET. Napigana na wenye wameigeuza kuwa sanduku la mabaki, halafu wakisimama kwa jukwaa na kipaza sauti wanatuhubiria "vijana acheni kukimbilia digrii, shikeni ufundi". Sawa mheshimiwa. Mtoto wako anasomea kuchomelea vyuma chuo gani? Sijawahi sikia hata mmoja akijibu hilo swali. Ufundi kwao ni kitu kizuri sana, kwa mtoto wa jirani.

Mnashangaa hiyo dharau ilitoka wapi? Angalia dirisha la matatu ukipita Juja. JKUAT ilipopokea wanafunzi wa kwanza 1981, haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa chuo cha kati, kilichojengwa kwa msaada wa Japani, cha kutoa mafundi na wataalamu wa diploma. 1994 ikawa chuo kikuu kamili. Kenya Polytechnic pale Nairobi na Mombasa Polytechnic nazo zikafuata njia hiyo, na kufikia 2013 zote mbili zilikuwa vyuo vikuu. Nafurahia wahandisi wanaotoka huko, lakini angalia somo tulilofunzwa bila mtu kufungua mdomo: chuo cha ufundi kikifanya vizuri, zawadi yake ni kuacha kuwa chuo cha ufundi. Kama vyuo vyenyewe vilikuwa vinakimbilia digrii, mimi wa miaka kumi na nane nifanye nini?

Na si mara ya kwanza kuahidiwa. Muulize mzazi wako kuhusu 8-4-4 ya mwanzo. Ilianza 1985 na useremala, ufundi wa vyuma, ushonaji, eti kila mtoto atoke shuleni akiweza kujitegemea. Vifaa ni pesa, walimu wa hayo masomo ni pesa, basi masomo yakapunguzwa hadi yakabaki hadithi. Sasa wadogo zetu wa CBC wanachagua njia zao kabla hata waingie Grade 10. Natumai kuna mtu amenunua misumari safari hii.

Lakini kitu inanikera zaidi ni hii: tunaambiwa tuchague kazi wenye hatujawahi kuziona. Thika magari yanaundwa pale Kenya Vehicle Manufacturers. Kuna Bidco ya mafuta, kuna Del Monte ya mananasi. Ruiru kuna viwanda vya Devki vya chuma. Kila kiwanda kina watu wa stima, wa mashine, wa mabomba, wa baridi. Miaka minne ya sekondari, darasa lenu lilipelekwa mara ngapi kuona hao watu wakifanya kazi? Sisi tulipelekwa kuona wanyama. Wanyama ni wazuri, lakini hakuna mtu anaajiriwa kuwa twiga.

Kwa hivyo portal ya KUCCPS ikifunguliwa, dem wa Makongeni mwenye C plain, ambaye tangu utotoni ndiye hufungua redio ya nyumbani na kuirudisha ikiongea, anajaza diploma ya biashara. Si kwamba anaipenda. Ni kwa sababu jina linasikika safi, na mathe ameshasema stima ni ya wanaume. Kijana mwingine ana B anataka injini, analazimishwa digrii yoyote ile mradi ni digrii. Hao wote wawili wamepotezwa, na hakuna hata mmoja aliyefeli.

Halafu kuna wale wa mtandaoni wanauza ufundi kama muujiza, "miezi mitatu unaanza kuingiza doo". Buda, wacha. Ukitaka kuweka waya kwa nyumba za watu kihalali unahitaji leseni ya EPRA, na hata sola ina leseni yake. Kama ulijifunzia jua kali, NITA ina mitihani yake ya gredi ya kukupa cheti. Hayo hawawaambii. Na upande wa digrii pia kuna mashimo: imewahi kutokea Kenya hii watu wakamaliza miaka yote ya uhandisi, ndipo wakajua bodi ya wahandisi, EBK, haitambui kozi yao.

Ngazi iko, hilo ni kweli. Artisan unaingia hata na E, craft D plain, diploma C-, na ukimaliza diploma unaweza kuomba digrii. Ni ndefu na kila hatua inalipiwa, usidanganywe. Lakini mtu aliyekuambia D ni mwisho wa maisha yako hajawahi kusoma hizo sheria.

Sasa kama uko nyumbani hivi unangoja kuchagua, usiulize mtu yeyote "kozi gani iko na soko". Hakuna anayejua. Enda chuo chenyewe, iwe Thika Technical au kile cha kando ya barabara Ruiru chenye bango kubwa kuliko darasa. Uliza wanafunzi wangapi wanashiriki mashine moja. Uliza cheti kinatoka kwa nani, KNEC, CDACC ama ni karatasi yao wenyewe. Uliza atachimenti wanakutafutia ama unajitafutia. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize hayo hayo bila mwalimu kusikia. Na omba kuingia karakana Jumanne asubuhi watu wakiwa kazini. Wakikwambia funguo ziko na mtu ambaye hayuko, rudi stage upande matatu, usiache hata shilingi ya fomu.