Mkulima, Mfugaji na Gazeti

Mwanafunzi wa kidato cha pili hufundishwa kuitambua asidi kwa karatasi ya litimasi, lakini ni nadra afundishwe kuipima habari. Gazeti huaminiwa kwa kuwa limechapwa, na redio kwa kuwa imesema. Upungufu huu si mdogo, na mfano wa kuuonyesha hatuna haja ya kuufuata ng'ambo. Uko Kilosa.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Waliouawa walikuwa wakulima. Walioshambulia walikuwa wafugaji wa Kiparakuyo. Hayo yalitendeka, na uchambuzi wowote hauwezi kuyapunguzia uzito. Lakini tangu siku ile wilaya nzima imefungwa ndani ya maneno machache: "mapigano ya wakulima na wafugaji". Maneno hayo ndiyo ningependa tuyachunguze, kwa kuwa yamezoeleka mno hata hatuyasikii.

Kwanza, yameigeuza kazi kuwa kabila. Wako Wakaguru wenye mbuzi, na wako Waparakuyo walimao mahindi. Mtu afugaye kuku wa mayai mjini Mikumi ni mfugaji pia, lakini hakuna msomaji amfikiriaye yeye anaposoma "wafugaji wavamia". Kisha yako majina. Waparakuyo kwa muda mrefu wameitwa Wakwavi, jina wasilojiita wenyewe. Wabarabaig, ambao wengi wao walipoteza malisho yao ya Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na 1980, huitwa Wamang'ati, na neno hilo asili yake ni Kimaasai, maana yake adui. Basi mwandishi aandikapo "Wamang'ati waingia kijijini" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuleta shahidi hata mmoja, na huenda mwenyewe hana habari.

Pili ni yale yasiyoandikwa. Ardhi nzuri ya mabondeni, Kimamba na Rudewa, ilichukuliwa na mashamba ya mkonge zama za ukoloni. Mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Mikumi, ambayo leo ina kilomita za mraba 3,230. Mkulima na mfugaji wakabaki wakigombea kilichosalia. Mwaka 2009 watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha uchunguzi wao juu ya mauaji yale. Pamoja na historia ya ardhi na sera zisizompendelea mfugaji, walionyesha jinsi rushwa ilivyowaondolea watu imani kwamba ofisi ya serikali itawaamua kwa haki. Mwaka huohuo operesheni ya kuondoa mifugo ilikuwa ikiendeshwa Kilosa. Rushwa haina kabila, na labda ndiyo sababu haifai kuwa kichwa cha habari.

Mikumi ina bahati ya namna nyingine: huko mtu hayupo kabisa. Nilipokuwa masomoni Ulaya, mwenyeji wangu alinionyesha picha nzuri za simba na tembo wa Mikumi, akaniuliza kwa upole kama pana watu wanaoishi karibu. Sikumlaumu. Wavidunda, waliokuwapo kabla ya hifadhi, hawakuwamo katika kitabu chake hata kwa mstari mmoja.

Sidai kwamba magazeti yetu yanafanana na redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuwaita raia mende. Lakini mwaka 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani watu wa vyombo vya habari kwa yale waliyoyatangaza na kuyachapisha, na mwalimu wa uraia hana budi kulijua hilo.

Yapo majaribio yasiyohitaji maabara. Darasa likusanye habari kumi za migogoro ya ardhi. Wanafunzi wahesabu ni nani amenukuliwa: mkuu wa wilaya mara ngapi, kamanda wa polisi mara ngapi, mkulima, mfugaji, mwanamke. Halafu wapigie mstari kila kitenzi na kumtafuta mtendaji wake. "Ng'ombe wavamia mashamba" ina mtendaji; "malisho yalilimwa" haina, na aliyelima hatajwi. Sarufi ya Kiswahili waliyoikariri kwa ajili ya mtihani itawafaa hapo kwa mara ya kwanza.

Kwa shule za Kilosa ningeongeza jaribio moja gumu zaidi. Mwanafunzi atokaye Twatwatwa aandike habari ya shamba lililoliwa, na mwenzake wa Rudewa aandike habari ya ng'ombe waliokamatwa, kisha wabadilishane madaftari na kila mmoja asahihishe majina aliyopewa.